Aliyeziogopa Akili Zake: Maisha ya Blaise Pascal

Wenzangu wa somo la fizikia, Pascal mnamjua bila kujua kwamba mnamjua. Ile paskali tunayopimia mgandamizo ni jina la mtu. Alizaliwa Clermont, Ufaransa, tarehe 19 Juni 1623. Nimemchagua kwa sababu moja tu: alipewa akili za ajabu, naye akaziogopa.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Baba yake, Étienne, alimfundisha nyumbani, na mwanzoni alimkataza hisabati asije akazembea Kilatini na Kigiriki. Lo! Dada yake alisimulia kwamba mtoto alichora maduara na pembetatu sakafuni kwa makaa, akagundua jometri peke yake. Alipofika miaka 16, yaani umri wangu huu, aliandika insha ya hisabati ambayo bingwa Descartes aliona vigumu kuamini kuwa ni kazi ya kijana. Tangu 1642 aliunda mashine ya hesabu ili kumpunguzia baba yake kazi ya kukokotoa kodi mjini Rouen. Mwaka 1648 shemeji yake alipanda mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki kama alivyoagizwa na Pascal. Zebaki ilishuka, ikadhihirika kwamba ni uzito wa hewa unaoisukuma.

Hebu fikiria, msomaji. Kijana wa miaka 25, anasifiwa na wasomi wa Ulaya. Kichwa kitaacha kuvimba? Nabii Yeremia, sura ya 9, alikwisha kumwonya mwenye hekima asijisifie hekima yake, na Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba hekima ya dunia hii ni upuzi mbele za Mungu.

Usiku wa 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa sita na nusu hivi, Pascal alipatwa na jambo lililombadilisha. Aliandika kwenye karatasi kwamba amemjua Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wala si wa wanafalsafa na wasomi. Karatasi ile akaishonea ndani ya koti, na kila alipopata koti jipya akaihamisha. Ni mtumishi aliyeigundua baada ya kifo chake.

Lakini msidhani majivuno yaliisha usiku ule. Mwaka 1658 alitangaza shindano la hisabati bila kutaja jina lake, kisha ikaamuliwa kwamba hakuna aliyestahili tuzo, akachapisha majibu yake mwenyewe! Walioshindana walinung'unika, na mimi nawaunga mkono.

Yeye mwenyewe aliujua ugonjwa wake. Dada yake anasema alivaa mshipi wa chuma wenye miiba chini ya nguo. Wageni walipokuja kumsikiliza, naye akahisi moyo unaanza kujigamba, aliubonyeza kwa kiwiko umchome. Hapo sikubaliani naye kabisa, maana Yeremia hakumwagiza mtu ajitoboe mbavu. Hata hivyo hesabu hakuziacha. Nasema hivi kwa sababu wako wenzetu wanaolishika onyo la Biblia kama ruhusa ya kutofungua vitabu, jamani!

Machi 1662, yeye na rafiki zake walianzisha magari ya farasi ya abiria jijini Paris, yenye njia maalumu na nauli ya sou tano. Matatu za kale hizo! Sehemu ya fedha alitaka iwafikie maskini wa Blois waliokuwa na njaa.

Wakati huo alikuwa hoi kwa maradhi. Nyumbani kwake alikuwa amekaribisha familia maskini, na mtoto wao akashikwa na ndui. Badala ya kuwafukuza, alihama yeye, akaenda kwa dada yake. Huko aliomba apelekwe hospitali ya maskini afie miongoni mwao, lakini madaktari walisema hawezi kuhamishwa. Alifariki tarehe 19 Agosti 1662, akiwa na miaka 39.