Bill Shankly: Buda Aliyejenga Liverpool, Kisha Akaagwa na Ngumi Wembley

Kila Agosti wasee hubishana kitu kimoja: Community Shield ni kombe ama ni mechi ya kirafiki imevalishwa suti? Bingwa wa ligi anapatana na bingwa wa FA Cup kabla msimu uanze. Atakayeshinda anaposti picha, atakayepoteza anasema ilikuwa mazoezi tu. Sawa. Lakini kuna buda mmoja ambaye hiyo mechi ndiyo ilikuwa kwaheri yake, na kama wewe ni wa Liverpool unafaa kumjua kuliko yale maneno yake watu hubandika kwa status.

Bill Shankly alizaliwa Septemba 2, 1913 huko Glenbuck, kijiji cha machimbo ya makaa ya mawe Scotland. Kwao walikuwa watoto kumi. Wavulana walikuwa watano, na wote watano waliishia kucheza boli ya kulipwa, si mchezo. Yeye aliacha shule akiwa na miaka 14 akaingia mgodini. Boli ndiyo ilimtoa huko. Alisajiliwa na Carlisle 1932, mwaka uliofuata akahamia Preston, na 1938 akabeba FA Cup nao. Halafu vita vya dunia vikaja vikamla miaka yake mizuri. Kufika 1949 alikuwa ametundika daluga na kuanza ukocha.

Usidhani alianzia juu. Carlisle, Grimsby, Workington, Huddersfield, timu za kuhesabu sarafu. Liverpool walimchukua Desemba 1959, na hiyo haikuwa Liverpool unayoijua. Walikuwa daraja la pili na uwanja wao wa mazoezi, Melwood, ulikuwa umechoka vibaya. Shankly aliwapea wachezaji 24 njia, lakini makocha wasaidizi aliowakuta, kina Bob Paisley na Joe Fagan, hakuwagusa. Hapo ndipo alicheza kama yeye. Makocha wengi wakiingia kazi mpya wanafagia ofisi nzima waje na mbogi yao.

1962 wakapanda daraja. 1964 wakachukua ligi, 1965 FA Cup ya kwanza kabisa kwa historia ya klabu, 1966 ligi tena. Kwa hivyo Shield (enzi hizo ikiitwa Charity Shield) aliizoea. Ile ya 1964 walitoka 2-2 na West Ham, ya 1965 wakatoka 2-2 na Manchester United, na mara zote mbili ngao ikagawanywa. 1966 ndiyo waliibeba peke yao, wakipiga Everton 1-0 palepale Goodison Park, bao la Roger Hunt.

Baadaye kulikuwa na ukame wa miaka kadhaa, akajenga timu mpya na kijana mmoja mfupi mwenye moto anaitwa Kevin Keegan. 1973 wakachukua ligi na UEFA Cup. Mei 1974 wakanyorosha Newcastle 3-0 kwa fainali ya FA Cup.

Halafu Julai 12, 1974, Shankly akaacha kazi. Miaka 60, timu iko fiti, kombe bado linang'aa. Mashabiki wengine walidhani wanachezewa. Buda alikuwa amechoka na alitaka muda na mkewe Nessie. Paisley akapewa kiti.

Ilibaki mechi moja. FA walikuwa wameamua kurudisha heshima ya Shield. Mwaka uliotangulia ilichezwa na Burnley na Manchester City, hakuna bingwa wa ligi wala wa FA Cup. Sasa ingekuwa bingwa wa ligi, Leeds, na bingwa wa FA Cup, Liverpool, ndani ya Wembley. Agosti 10, 1974 Shankly akaongoza vijana wake kuingia uwanjani mara ya mwisho. Kando yake alikuwa Brian Clough, kocha mpya wa Leeds ambaye alikuwa amewatusi hao Leeds miaka mingi. Huyo alidumu siku 44 tu, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Ingefaa kuwa siku ya kupunga mkono. Badala yake ikawa mateke. Johnny Giles wa Leeds alimzaba Keegan ngumi na akabaki uwanjani. Baadaye kidogo Keegan akashikana na Billy Bremner, nahodha wa Leeds, wakarushiana ngumi na refa akawatoa wote wawili. Kadi nyekundu hazikuwa zimeanza kutumika ligi ya huko, ilikuwa ni kuonyeshwa mlango tu. Wakitoka walivua jezi wakazitupa chini. Walikuwa wachezaji wa kwanza wa Uingereza kutolewa Wembley, wakapigwa faini ya pauni 500 kila mmoja na kufungiwa mechi nyingi.

Matokeo? 1-1, Boersma kwa Liverpool, Cherry kwa Leeds. Penalti zikafika 5-5, kipa wa Leeds, David Harvey, akajitolea kupiga na akagonga mwamba. Ian Callaghan akamaliza, 6-5. Shankly alishinda kombe lake la mwisho na karibu hakuna aliyeongea juu yake. Picha zote zilikuwa za vifua wazi.

Noma yenyewe ilianza baadaye. Manze, huyu mtu hakuwa na kazi ingine maishani. Asubuhi akawa anarudi Melwood kufanya mazoezi, na wachezaji bado wanamwita bosi huku Paisley amesimama hapo. Klabu ikamwonyesha kwamba hahitajiki hapo tena, na ilimuuma hadi mwisho. Nyumba yake ilikuwa karibu na uwanja wa mazoezi wa Everton, wapinzani wa mtaa, na hao ndio walimkaribisha vizuri. Wakati huo Paisley alikuwa anabeba makombe ya Ulaya na ile mbogi Shankly alikataa kufagia.

Alikufa kwa shida ya moyo Septemba 29, 1981, akiwa na miaka 68. Agosti 1982 Liverpool waliweka geti yenye jina lake Anfield, na aliyeifungua ni Nessie.