Ibn Battuta: Mgeni Yule Yule, Pwani Mbili

Likizo inakaribia, na wengi wetu wa huku bara tutashuka pwani: wengine Mombasa na Zanzibar, wengine Lamu. Kabla ya kufunga mizigo, tuangalie maisha ya msafiri aliyetutangulia huko.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304. Alitoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji, na safari zake zikachukua karibu miaka 30.

Mwaka 1331 alifika Mogadishu. Alitaka apate kwanza pa kufikia, ndipo aende kumsalimia sultani. Wenyeji wakamweleza kuwa kwao mwanachuoni hafikii popote kabla ya kuonana na sultani. Akakubali, akafuata desturi yao. Akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi wa dini, wenzetu wa zama zile, akaletewa wali wa samli, kuku, nyama, samaki, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Siku ya Ijumaa akaletewa nguo za kuvaa msikitini. Kutoka hapo alipita Mombasa, akalala usiku mmoja, kisha akafika Kilwa. Aliwaeleza watu wa pwani hii kwa heshima.

Mwaka 1343 alifika Maldivi, visiwa vidogo vilivyo chini, karibu sawa na bahari. Watu wake waliishi kwa samaki, nazi na biashara ya kauri. Walikuwa Waislamu wapole, wasio watu wa vita, na mtawala wao alikuwa mwanamke, Sultana Khadija. Walimkirimu, wakamfanya kadhi, wakamwoza katika nyumba za wakubwa.

Hapo mgeni akabadilika. Waliokosa sala ya Ijumaa aliwachapa viboko na kuwatembeza mbele ya watu. Aliwaamuru wanawake wabadili mavazi yao, akashindwa. Mwisho akagombana na waziri mkuu, na mwaka 1344 akaondoka.

Kubwa kuliko yote lilifuata baadaye. Alipofika Ma'bar, kusini mwa India, alipanga na sultani wa huko kupeleka merikebu za kuviteka visiwa vile. Watu waliomlisha na kumwoza walikuwa karibu kuvamiwa kwa shauri la mgeni wao. Sultani yule akafa kabla mpango haujatimia, na Allah akawanusuru.

Hatusemi kuamrisha mema ni kosa, na kadhi kuhukumu ndiyo kazi yake. Elimu aliyokuwa nayo Maldivi ndiyo ile ile aliyokuwa nayo Mogadishu. Lakini Mogadishu alisikiliza kwanza, na Maldivi alianza na amri. Jamii ndogo ya visiwani haina pa kukimbilia mgeni anapoiletea fitina.

Baadaye alirudi Maldivi kumwona mwanawe aliyezaliwa huko. Wenyeji walimpokea tena kwa heshima. Walimletea mtoto, naye akaona ni heri abaki kwao na mama yake, akaondoka baada ya siku chache. Alifariki kwao Moroko, Allah amrehemu.

Ndugu zangu, sisi nasi tunasoma dini, na shetani hupenda kumwambia mwanafunzi kwamba kila anapofika ameitwa kufundisha. Tukifika pwani, tumwone kwanza imamu au mzee wa mtaa. Tusisimame kutoa mawaidha kabla ya kuombwa. Maji ya kisima tuyatumie kwa kiasi, maana visiwani maji matamu ni machache. Tusipige picha ndani ya nyumba za watu bila idhini. Maulidi yao au dua zao zikitofautiana na tulivyozoea, tuulize kwa adabu kabla ya kuhukumu. Na ikifika siku ya tatu, tushike jembe: tusaidie kazi, tuchangie chakula, au tuage.

Wabillahi tawfiq.