Humphry Davy na Metali Zielazo Majini

Humphry Davy alizaliwa mwaka 1778 katika mji wa Penzance, Uingereza. Alipokuwa kijana alifiwa na baba yake, akaenda kujifunza kazi kwa tabibu. Huko alianza kujisomea kemia.

Wakati huo hakuna aliyeweza kuigawanya potashi, dutu itokanayo na majivu ya mimea. Davy alipitisha umeme katika maji yenye potashi, lakini maji tu ndiyo yaliyogawanyika. Hakukata tamaa. Mwezi Oktoba 1807, mjini London, alitumia potashi yenye unyevu kidogo tu. Potashi iliyeyuka, vikatokea vitone ving'aavyo kama zebaki. Vingine vikawaka moto. Hiyo ilikuwa potasiamu. Siku chache baadaye alipata sodiamu.

Metali hizo zilikuwa laini, zikaelea juu ya maji. Je, vitu vyepesi hivyo vyaweza kuitwa metali? Davy aliona kwamba vinang'aa na kupitisha vizuri umeme na joto. Kwa hiyo akaviita metali.

Davy alifariki Geneva mwaka 1829. Kutokana na kazi yake twajua kwamba si kila metali ni nzito na ngumu.