Émile Reynaud na Michoro Isiyo na Nakala

Émile Reynaud alizaliwa Montreuil, Ufaransa, mwaka 1844. Mwaka 1892, mjini Paris, alianza kuonyesha hadharani michoro iliyotiwa mwendo, miaka mitatu kabla ya sinema ya ndugu Lumière. Michoro hiyo aliipaka rangi kwa mkono juu ya vipande vya jelatini; *Pauvre Pierrot* pekee ilihitaji picha 500. Ustadi huo ndio uliokuwa udhaifu wake: kila utepe ulikuwa mmoja tu, nao ulichakaa kwa kuonyeshwa, ilhali filamu ya Lumière ilitolewa nakala. Maonyesho yalikoma mwaka 1900. Baadaye, kwa kukata tamaa, alizitupa tepe zake nyingi katika mto Seine. Alifariki mwaka 1918. Maisha yake yabainisha kwamba mchoro usioandaliwa kunakiliwa, hata uwe mzuri namna gani, hauna hakika ya kudumu.