Ada Lovelace: Aliandika programu bila kompyuta

Huna laptopu na unadhani huwezi kujifunza C? Basi msome Ada Lovelace.

Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1815, bintiye mshairi Byron. Wazazi walitengana akiwa mtoto mchanga, na babake hakumwona tena. Mamake akamtafutia walimu wa hesabu. Akiwa na miaka 17 alikutana na Charles Babbage, ambaye baadaye alibuni mashine ya kukokotoa ya kufuata maagizo.

Mashine yenyewe ilikuwa ya karatasini tu. Ada hakungoja. Mwaka 1843 alitafsiri makala ya Kifaransa kuihusu, akaongeza maelezo marefu kuliko makala hiyo. Humo mlikuwa na jedwali la hatua za kutafuta nambari za Bernoulli. Kila thamani aliipa mahali pake penye nambari, na hatua kadhaa zikawa za kurudiwa.

Sasa cheki C yako. Ukiandika int alama[5]; unapata arei, yaani visanduku vitano vilivyojipanga, vyenye nambari 0 hadi 4. Lupu ya for inavipitia kimoja kimoja. Ada angekuelewa, ama?

Alifariki 1852 kwa saratani, akiwa na miaka 36 pekee. Mashine haikukamilika, lakini wengi humwita mwanaprogramu wa kwanza.

Kwa hivyo chukua daftari. Chora visanduku vitano, jaza alama zako za mtihani, kisha zijumlishe ukifuata programu mstari kwa mstari. Siku ukifika saiba, utabaki kuchapa tu.