Adolf Engler: mtu wa Berlin aliyeipa miti yetu majina

Ukifungua kitabu cha wataalamu kinachoorodhesha miti ya Tanzania, utaona kwamba baada ya jina la kisayansi la kila mti huja neno fupi, mara nyingi limekatwa na kuwekewa nukta. Neno hilo ni jina la mtu aliyeutangaza mti huo kwa wataalamu wenzake. Moja linajirudia ukurasa baada ya ukurasa: Engl.

Lipo kwenye mkulo, ule mti wa milimani wenye mbao zinazonukia kafuri, ambao Wachaga huuita mseri. Jina lake la kisayansi ni Ocotea usambarensis. Lipo pia kwenye miti ya nyanda kavu, ikiwemo kadhaa ya jamii ya Commiphora, jamii yenye utomvu wa kunukia. Ndugu zetu wa Mbulu na Hanang wanaochunga kuelekea Yaeda au Balangida wanaijua jamii hiyo vizuri kuliko kitabu chochote, na kila kabila hapa lina jina lake kwa miti hiyo. Lakini kwa sheria za wataalamu wa mimea, jina la Kiiraqw au la Kibarbaig halihesabiki kuwa jina rasmi. Linalohesabika ni lile lenye mkia.

Mwenye mkia huo aliitwa Adolf Engler. Alizaliwa tarehe 25 Machi 1844 katika mji wa Sagan, ambao siku hizo ulikuwa upande wa Wajerumani na leo uko Poland. Alisoma chuo kikuu cha Breslau, akapata shahada ya udaktari mwaka 1866, kisha akafundisha shule kwa miaka kadhaa. Mwaka 1871 akapata kazi ya kutunza mimea iliyokaushwa huko Munich. Baadaye akawa profesa Kiel, akarudi Breslau, na mwaka 1889 akaitwa Berlin kuongoza bustani ya mimea na jumba lake la kumbukumbu. Alikaa kwenye kiti hicho hadi 1921, miaka 32.

Mwaka huo wa 1889 tuukumbuke. Huku pwani yetu Wajerumani walikuwa bado wanapigana na watu wa Abushiri, na nchi ilikuwa haijatulia mikononi mwao. Lakini mwaka 1891 Berlin ilikuwa tayari imefungua ofisi maalumu ya mimea ya makoloni, chini ya bustani ya Engler. Maofisa, wanajeshi, wamisionari na wasafiri wakawa wanapeleka huko matawi, majani, maua na mbegu. Himaya ilitaka kujua ardhi iliyoichukua ina mbao gani, mpira gani, mafuta gani. Engler alikuwa mwanasayansi wa kweli, hilo hatulikatai, lakini meza yake ilijazwa na utawala wa kikoloni.

Sasa tueleze mti mpya unavyotangazwa, kwa sababu wengi hudhani mtaalamu anaingia msituni, anaona mti asioujua na kuupa jina papo hapo. Sivyo. Kwanza linakatwa tawi lenye majani, na ikiwezekana maua na matunda, maana kwa majani peke yake miti mingi hufanana. Tawi linatandazwa katikati ya karatasi, linabanwa kwa uzito na kukaushwa. Likikauka linabandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni inaandikwa lebo: limekatwa wapi, lini, mwinuko gani, nani aliyelikata. Kisha linapelekwa kwenye hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, ambako hulinganishwa na mengine yanayofanana nalo. Hapo mtaalamu huhesabu petali, hupima urefu wa kikonyo, hukata ua na kutazama vyumba vya mbegu. Akiridhika kwamba hakuna aliyewahi kuutangaza, anaandika maelezo yake, anaupa jina la maneno mawili na kuchapisha.

Jambo moja hapo lina uzito kuliko yote. Jina jipya hufungwa kwenye tawi fulani moja, na tawi hilo huitwa sampuli kielelezo. Miaka mia ikipita na watu wakabishana mti upi hasa ndio mkulo, hawaulizi kumbukumbu ya mtu. Wanakwenda kuliangalia tawi lile.

Kwa hiyo Engler aliweza kuitangaza miti ya Usambara kabla hajaikanyaga Usambara. Matawi aliletewa na wengine. Carl Holst alikusanya mimea kule Usambara na akafariki mwaka 1894 akiwa bado kijana. Franz Stuhlmann alisafiri na Emin Pasha hadi maziwa makuu, na jina lake liko hadi leo kwenye msambu, Allanblackia stuhlmannii, mti ambao mbegu zake hutoa mafuta. Mwaka 1895 Engler alichapisha kazi kubwa kuhusu mimea ya Afrika Mashariki. Ndipo mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 58, akapanda meli na kuja kuuona msitu wenyewe. Ni mwaka huohuo Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti pale Amani.

Tunajiuliza alijisikiaje kusimama chini ya mti mrefu kuliko nyumba yoyote ya kijijini, ambao yeye aliujua kwa urefu wa kiganja tu.

Na kuna watu wengine ambao hatuwezi kuwataja, kwa kuwa lebo nyingi za wakati ule zinamtaja mkusanyaji Mzungu peke yake. Holst hakuijua Usambara kwa kuzaliwa. Msafara haukupita msituni bila wapagazi na waongozaji, na asiyejua msitu huuliza mwenye msitu. Engler aliipa miti majina ya marafiki zake na ya maofisa. Mwenzake wa Berlin, Hermann Harms, naye akamtunukia: kuna mti wa Usambara unaoitwa Englerodendron usambarense, maana yake mti wa Engler wa Usambara. Aliyepanda juu na panga kukata tawi hakupata hata mstari.

Kazi yake nyingine hatutaikalia sana. Pamoja na Karl Prantl alianza mwaka 1887 kuchapisha mfululizo wa vitabu vilivyopanga mimea yote ya dunia kwa familia, na mpangilio wake ulifuatwa kwenye makabati ya hebaria nyingi duniani. Pia aliihamisha bustani ya Berlin kutoka Schöneberg hadi eneo kubwa la Dahlem, ambako ipo mpaka leo. Alifariki Berlin tarehe 10 Oktoba 1930, akiwa na miaka 86.

Zaidi ya miaka 12 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliangukia Dahlem. Jengo la hebaria likashika moto. Sampuli zilizokuwa humo zilihesabiwa kwa mamilioni, na sehemu kubwa ikawa majivu, zikiwemo sampuli kielelezo nyingi za Afrika Mashariki. Majina aliyotoa Engler yalibaki vitabuni, lakini mengi yakapoteza tawi lililoyashikilia.

Kazi ya kurekebisha hilo haijaisha. Mtaalamu anayekutana na jina lililounguliwa na tawi lake hutafuta kwanza kama mkusanyaji alikata matawi mawili au matatu ya mti uleule na kuyagawa, kwa sababu nakala inaweza kuwa Uingereza au kwingineko. Asipoipata, huenda ikabidi arudi mahali palepale msituni akate tawi jipya. Na kama msitu umeshakuwa shamba, hana pa kurudi.

Hapa ndipo habari hii inapotufikia sisi. Baada ya Wajerumani kuondoka, kituo cha Amani kilipita mikononi mwa Waingereza, na mtaalamu wao aliyeitwa Greenway alikusanya mimea kwenye Mlima Hanang mwaka 1946. Hebaria ya Amani baadaye ilihamishiwa Nairobi. Anayesoma leo vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki ataukuta Mlima Hanang umeandikwa chini ya Mbulu, kwani wakati huo Hanang haikuwa wilaya, na Manyara haikuwa mkoa hadi 2002. Ukitaka kulinganisha jani la leo la Hanang na la siku hizo, mlima haukutoshi. Unahitaji na kabati.

Miti mipya bado inapatikana. Mwaka 2019 kulitangazwa mti wa Usambara unaoitwa Mischogyne iddii, na hilo iddii linamuenzi Mtanzania, mtaalamu wa mimea wa Amani. Mwaka huohuo, kwenye misitu ya hifadhi ya vijiji huko Udzungwa, watafiti waliukuta mti mkubwa unaofika mita 40, ambao wanakadiria kuwa mizee yake ina umri wa hadi miaka 3,000. Ulitangazwa 2025 kwa jina la Tessmannia princeps. Neno la kwanza lilitungwa na Harms yuleyule wa Berlin mwaka 1910, kumtunza Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika ya Kati. Lakini safari hii, kwenye orodha ya walioutangaza mti huo, wamo wataalamu wa mimea wenyeji wa Udzungwa, na majina yao yameandikwa yote mawili, hayakukatwa.