Paul Mauser: Fundi wa mitutu aliyejifunza thamani ya hataza

KATIKATI ya Jiji la Dar es Salaam, kwenye makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe, imesimama Sanamu ya Askari tangu mwaka 1927, singe ya bunduki yake ikielekea bandarini. Mwendo mfupi kutoka hapo ndipo ilipo Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichoweka kambi eneo hilo baada ya mji kutekwa Septemba 1916.

Vita iliyozaa sanamu hiyo na jina hilo iliua makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika. Kwa upande wa Wajerumani, bunduki nyingi walizobeba askari zilitokana na kichwa na mikono ya fundi mmoja, Peter Paul Mauser. Maisha yake yana somo kwa kila fundi anayegonga chuma Gerezani na kila mfanyabiashara mdogo anayesaini mkataba bila kuusoma mara mbili.

Mauser alizaliwa Juni 27, 1838 katika mji mdogo wa Oberndorf, kando ya mto Neckar, kusini mwa Ujerumani ya leo. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Baba yake alikuwa fundi bunduki katika kiwanda cha silaha cha mfalme wa Württemberg, kiwanda kilichowekwa ndani ya majengo ya iliyokuwa nyumba ya watawa. Hapakuwa na urithi wa kugawana kwa watoto 13. Kilichokuwepo ni ufundi, na Paul aliingia kiwandani akiwa bado kijana mdogo.

Mwaka 1859 aliitwa jeshini na kupelekwa kwenye ghala la silaha la Ludwigsburg. Huko aliiona kwa karibu bunduki ya sindano ya Waprussia, iliyokuwa gumzo la wakati ule kwa sababu ilijazwa risasi kwa nyuma badala ya mdomoni kama gobore. Aliporudi nyumbani alianza kutafuta namna ya kuondoa kasoro zake. Alifanya kazi hiyo pamoja na kaka yake Wilhelm. Paul alikuwa fundi, Wilhelm alikuwa mtu wa maneno na barua.

MKATABA WA KWANZA

Kama ilivyo kwa mafundi wengi, ndugu hao walikuwa na ujuzi lakini hawakuwa na mtaji. Mwaka 1867 alijitokeza Mmarekani Samuel Norris, aliyekuwa wakala barani Ulaya wa kampuni ya bunduki ya Remington. Norris aliona faida katika kazi yao, akaingia nao mkataba na kuwahamishia Liège, Ubelgiji. Hataza ya Marekani, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya kitu alichobuni, ilitolewa Juni 2, 1868 kwa majina ya watu watatu: Wilhelm, Paul na Norris.

Mpango huo haukudumu. Norris hakuweza kutimiza malipo aliyoahidi, na ndugu hao wakarudi Oberndorf wakiwa hawana kitu zaidi ya michoro na zana zao. Walianza upya katika karakana ndogo. Wilhelm ndiye aliyefunga safari kwenda Spandau, karibu na Berlin, kuwaonyesha wakaguzi wa jeshi bunduki yao.

Safari hiyo ilizaa matunda. Bunduki ikapitishwa kuwa ya jeshi na kupewa jina la mwaka 1871. Ilikuwa na mtutu wa kipenyo cha milimita 11 na ilibeba risasi moja moja. Lakini mwenye shamba si lazima awe mwenye mavuno. Kazi ya kuzitengeneza ilipewa viwanda vya serikali, na malipo ya ndugu hao kwa ubunifu wao yalikuwa madogo kuliko walivyotarajia. Wao walibaki na zabuni ya kutengeneza vilengeo, kipande kidogo kinachokaa juu ya mtutu.

Mauser hakuidharau zabuni hiyo. Vilengeo viliwapa kipato na sifa ya kufikisha kazi safi kwa wakati. Kwa sifa hiyo walipata zabuni ya bunduki 100,000 kwa ajili ya Württemberg, na mwaka 1874, kwa kushirikiana na benki moja ya Stuttgart, walinunua kiwanda kilekile cha mfalme alichofanyia kazi baba yao. Mwaka huohuo sehemu ya kiwanda iliteketea kwa moto. Walijenga tena na kutimiza zabuni.

Wilhelm alifariki dunia mwaka 1882, na kampuni ikampoteza mtu wake wa kutafuta soko. Mwaka 1887, baada ya kupatikana oda kubwa ya bunduki za Uturuki, hisa nyingi zilihamia kwa kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin. Mauser hakuwa tena mwenye kiwanda kwa maana halisi, ila alibaki kiongozi wa ufundi. Mwaka 1898 jeshi la Ujerumani lilipitisha bunduki yake iliyopata sifa kuliko zote. Mwaka 1901, akifanyia majaribio bunduki ya kujijaza yenyewe, ililipuka na kumpotezea jicho moja. Aliendelea na kazi.

MTUTU WENYE PANDE NANE

Mbali na majeshi, Oberndorf ilihudumia wawindaji. Hapo ndipo ufundi wa mtutu ulipoonekana vizuri zaidi. Mteja aliweza kuchagua mtutu wa mviringo, mtutu wenye pande nane bapa kutoka mwanzo hadi mwisho, au wenye pande nane nusu ya nyuma na mviringo kwa mbele.

Umbo la pande nane lilitokana na zama za mafundi wa kufua chuma kwa nyundo, kwa kuwa tupa hunyoosha ubapa kwa urahisi kuliko duara. Mashine za kukereza zilipoenea, mviringo ukawa rahisi na wa bei nafuu, na majeshi yakauchukua. Pande nane zikabaki kuwa kazi ya oda, kwa mteja aliyekuwa tayari kuongeza fedha.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Kipande cha chuma cha pua kilitobolewa kwa urefu wake, tundu likalainishwa, kisha zikachongwa ndani yake njia za kuzunguka zinazoifanya risasi ijizungushe na kwenda moja kwa moja. Ili kujua kama mtutu umenyooka, fundi aliuelekeza dirishani na kutazama ndani mstari wa kivuli. Mstari ukipinda, mtutu umepinda, naye aliurudisha taratibu mpaka kivuli kinyooke.

Baada ya hapo ndipo pande nane zilipochukua sura. Zilitakiwa zilingane, zipungue unene kwa kipimo kimoja kuelekea mdomoni, na tundu libaki katikati kabisa. Upande mmoja ukiwa mnene kuliko mwingine, chuma kikipata moto hujikunja bila usawa na risasi huhama shabaha. Kwa mwindaji anayekabiliwa na nyati, kosa hilo ni uhai. Ubapa wa juu nao ulifaa kukalisha kilengeo bila kuyumba, jambo ambalo Mauser alilijua vizuri tangu enzi za zabuni yake ndogo.

Kampuni ya John Rigby ya London ilikuwa wakala wa bunduki hizo Uingereza. Mwaka 1911 ilitumia bolti kubwa ya Mauser kuunda bunduki ya .416, iliyokuja kupendwa na wawindaji wa wanyama wakubwa barani Afrika.

KIVULI CHA BUNDUKI

Sifa za fundi haziwezi kutenganishwa na matumizi ya kazi yake. Askari wa Wajerumani walikuwa na bunduki za Mauser walipowakabili wananchi wa kusini katika Vita vya Maji Maji, kati ya mwaka 1905 na 1907, huku wengi wa wapiganaji wa Maji Maji wakiwa na mikuki na magobore. Vita ya 1914 ilipoanza, kombania nyingi za askari hapa nchini bado zilibeba ile ya mwaka 1871. Baruti yake ilitoa moshi mzito ulioonyesha alipo mpigaji. Baada ya ushindi wa Tanga Novemba 1914, Wajerumani walikusanya mamia ya bunduki za kisasa walizoziacha Waingereza.

Mauser hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki dunia Mei 29, 1914, miezi miwili kabla ya vita.

Alikwishaona, hata hivyo, thamani ya hataza iliyolindwa. Marekani ilipotengeneza bunduki yake ya Springfield ya mwaka 1903, ilibainika kuwa sehemu zake kadhaa zilifanana na zile zilizokuwa na hataza za Mauser nchini humo. Serikali ya Marekani ikakubali kuilipa kampuni yake kwa kila bunduki, hadi jumla ya dola 200,000. Nchi ambayo hataza yake ya kwanza iliandikwa kwa kushirikiana na mgeni mwenye mtaji ndiyo iliyokuja kulipa.

Hapa kwetu kutengeneza bunduki bila leseni ni kosa la jinai, na hakuna anayeshauriwa kulijaribu. Lakini mashine ya kupukuchua mahindi, jiko banifu au pampu ya umwagiliaji inayobuniwa uchochoroni Kariakoo ina haki zilezile. Kwa Tanzania Bara, hataza, alama za biashara na majina ya biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Fundi anayeonyesha kitu kipya kwa mnunuzi kabla ya kukiandikisha anaweza kukikuta dukani mwezi ujao kikiwa na jina la mtu mwingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mauser alianza kwa kugawana daftari na mwenye mtaji, akamaliza akiwa na daftari ambalo hata serikali kubwa ililazimika kulisoma.